Mkojo mweusi wa asubuhi: si kila mara ni malaria



Somo letu la leo linahusu ugonjwa adimu wa damu unaoitwa kwa kifupi PNH, na kipimo kinachoutambua. Wagonjwa wake ni wachache sana duniani. Lakini dalili yake inayojulikana zaidi, mkojo wenye rangi ya Coca-Cola, mara nyingi tunaichukua kuwa ni malaria, tunameza dawa na kungoja. Hapo ndipo penye hatari.

PNH ni nini?

Damu yetu ina kinga inayoshambulia vijidudu. Ili kinga hiyo isizishambulie chembe zetu wenyewe, kila chembe huvaa protini za kuilinda, kama mkazi anavyoonyesha kadi yake mlangoni ili apite. Mbili kati ya protini hizo huitwa CD55 na CD59. Kwa mgonjwa wa PNH, chembe nyingi hazina "kadi" hizo. Kinga huzipasua chembe nyekundu, na rangi iliyokuwa ndani yake hutoka na mkojo.

Ugonjwa huu hauambukizi, na mzazi hamrithishi mtoto. Huanza mtu akiwa ameshazaliwa, pale chembe mama moja ndani ya uboho wa mifupa inapopata hitilafu na kuzaa chembe zenye hitilafu hiyo hiyo. Mgonjwa hakurogwa, wala hakufanya kosa lolote.

Dalili za kuangalia

- Mkojo mweusi au mwekundu, hasa asubuhi, unaokuja na kupotea. Baadhi ya wagonjwa hawauoni kabisa.
- Upungufu wa damu unaorudi kila mara, uchovu na kuishiwa pumzi.
- Macho kuwa ya manjano.
- Maumivu makali ya tumbo, au mguu mmoja kuvimba. Hii inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mishipa, jambo linaloua wagonjwa wengi wa PNH.

Malaria kali, selimundu na baadhi ya dawa pia huweza kuleta mkojo mweusi. Kwa hiyo usijipime kwa macho. Anza na kipimo cha malaria. Kikionyesha huna malaria na dalili zinarudi, usikubali kumeza dawa ya malaria tena na tena.

Kipimo kinafanyaje kazi?

Kipimo cha zamani, cha daktari Ham, kilianza mwaka 1937: chembe ziliwekwa katika majimaji ya damu yaliyotiwa asidi ili kuona kama zitapasuka. Siku hizi hutumika flo saitometri. Hatua zake ni hizi:

1. Damu kidogo huchukuliwa mkononi.
2. Maabara huichanganya na dawa zinazong'aa, ambazo hushika protini za kwenye chembe.
3. Chembe hupita moja moja mbele ya mwanga wa leza.
4. Mashine huhesabu zinazong'aa na zisizong'aa. Zisizong'aa ndizo zilizokosa "kadi".

Mashine za namna hii zilienea Afrika Mashariki miaka ya 2000 kwa ajili ya kuhesabu CD4 za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ndiyo maana wengine huogopa wakiisikia. Elewa vizuri: kipimo cha PNH si kipimo cha UKIMWI. Tena, mashine ndogo ya CD4 peke yake haitoshi kuonyesha PNH. Panahitajika dawa nyingine na mtaalamu wa damu.

Kabla ya kutoa damu, mwambie daktari kama umeongezewa damu karibuni. Chembe nzima za aliyekuchangia zinaweza kuficha ugonjwa wako. Kwa sababu hiyo maabara hupima pia chembe nyeupe. Damu ikishachukuliwa, inafaa ipimwe ndani ya saa 48.

Uende wapi?

Ukiwa kambini, anza kwenye kituo cha afya cha kambi. Wao ndio watakaokuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo kwa mtaalamu Kigali.

Wengi wetu tuna ndugu Batsinda, nasi hukaa kwao tukienda mjini kutafuta kazi au masomo. Ukiugulia huko, usingoje siku ya kurudi kambini. Nenda kituo cha afya cha karibu. Katika wilaya ya Gasabo kuna hospitali ya Kibagabaga. Chukua kitambulisho chako, kadi ya bima kama unayo, na karatasi zote za vipimo vya zamani. Andika tarehe ulizoona mkojo mweusi.

Je, kuna matibabu?

Yapo. Kuna vidonge vya asidi ya foliki, kuongezewa damu, na dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa ya eculizumab, iliyoidhinishwa mwaka 2007, huzuia kinga isipasue chembe, lakini bei yake ni kubwa mno. Kupandikizwa uboho huweza kuponya, ila kuna hatari zake. Hata pale dawa ya ghali isipopatikana, kujua ugonjwa mapema humsaidia daktari kukulinda na damu kuganda, hasa kwa mama mjamzito.

Kumbuka: mkojo mweusi ukirudi, na malaria haikuonekana, mwulize mhudumu wa afya swali moja: "Damu yangu inapotelea wapi?"