Chembe za Plastiki Mitoni, Samaki na Mashine ya Kufulia

Barabara ya Edgware ifikapo West Hendon hupita kando ya Welsh Harp, bwawa lililojengwa mwaka 1835 ili kuipa maji mifereji ya usafirishaji. Vijito viwili, Silk Stream na Dollis Brook, humwaga maji humo, na Mto Brent hutoka humo kuelekea Thames. Katika mitaa mingi ya upande huo, maji ya mvua yanayoingia kwenye matundu ya pembeni mwa barabara hayasafishwi popote. Hushuka mtoni pamoja na vumbi la matairi, vipande vya mifuko na chochote kilichodondoshwa njiani.

Chembe za plastiki ni vipande vyenye ukubwa usiozidi milimita 5. Vingi havionekani kwa macho. Nyingine ni nyuzi zinazotoka kwenye nguo za poliesta na nailoni. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway walikadiria kuwa katika baadhi ya sehemu za Thames hupita chembe 94,000 kila sekunde.

Samaki hudhani chembe hizo ni chakula, au huzimeza akila wadudu waliokwisha kuzila. Tumbo lililojaa plastiki humpunguzia hamu ya kula, naye hudhoofu; utumbo unaweza kupata majeraha. Nyuzi nyingine huzama topeni, ambamo minyoo na viluwiluwi vya wadudu hujilisha, na kwa njia hiyo hurudi tena kwa samaki.

Jambo hili halipo Uingereza pekee. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ukingoni mwa Ziwa Victoria: plastiki ilithibitishwa ndani ya asilimia 20 ya kila aina.

Je, tuache kula samaki? La. Samaki ni chakula bora, na ushauri wa afya nchini hapa bado ni kula samaki mara mbili kwa wiki. Plastiki iliyomezwa hukaa zaidi tumboni na kwenye utumbo, sehemu ambazo kwa sato na sangara hutupwa kabla ya kupika. Dagaa ni habari nyingine, kwa kuwa huliwa mzima. Mpishi mwenye subira humtoa kichwa na matumbo, kisha humwosha. Desturi hiyo ya bibi zetu, iliyokusudiwa kuondoa uchungu na mchanga, inafaa hapa pia.

Lililo mikononi mwa kaya zaidi ni ufuaji. Jazeni mashine vizuri kabla ya kuiwasha, tumieni maji ya baridi na mzunguko mfupi, kwani nguo husuguana kidogo na kutoa nyuzi chache. Manyoya yanayonaswa kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia yatupwe pipani; yasisuuzwe kwenye sinki. Vitambaa vya kupangusia watoto visitupwe chooni hata kama pakiti inaruhusu.

Zaidi ya yote, kagueni bomba la kutolea maji la mashine yenu. Katika nyumba kadhaa za London, hasa zilizoongezewa jiko au chumba, bomba hilo liliunganishwa kimakosa na mfereji wa maji ya mvua, hivyo sabuni na nyuzi zote huenda mtoni bila kusafishwa. Mkiona bomba la mashine limeingizwa kwenye bomba linaloshuka kutoka paani, mwambieni mwenye nyumba kwa maandishi, naye amwite fundi wa mabomba alihamishie kwenye njia ya majitaka.