Meli, Bandari na Mshahara wa Mfanyakazi



Katika mazungumzo ya mishahara waajiri wengi wana jibu walilolizoea: gharama za usafiri zimepanda, kwa hiyo kampuni haina uwezo wa kuongeza kitu. Mara nyingi wajumbe wetu hunyamaza wasikiapo maneno hayo, kwa kuwa habari za meli na bandari hawazijui. Somo hili limekusudiwa kuwapa maarifa ya kujibu.

1. CHAPATI YA WANDEGEYA YATOKA WAPI?

Uganda haina pwani, lakini hatuishi hata siku moja bila bahari. Hapa kwetu Wandegeya, jioni inapoingia, wakaanga chapati hujipanga kando ya barabara, na watu watokao kazini hununua ile chapati iliyoviringishwa na mayai iitwayo rolex. Mayai na nyanya ni vya hapa nchini. Lakini ngano, sehemu yake kubwa, hutoka ng'ambo. Huja kwa meli mpaka Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Kampala.

Mazao yetu nayo hupita njia hiyo hiyo kwenda nje. Kahawa yetu nyingi hupakiwa melini Mombasa, na chai yetu nyingi huuzwa katika mnada wa mji huo. Basi mchuma chai wa Bushenyi na mkaanga chapati wa Wandegeya wako kwenye njia moja. Njia ikipata ghali, mmoja huambiwa chai haina faida, na mwingine hununua unga kwa bei ya juu.

2. NANI HULIPWA NJIANI?

Njia hii ni kama mnyororo wenye viungo vingi. Kuna kampuni ya meli, bandari, wakala wa forodha, wenye malori au reli, na wenye maghala. Kila kiungo hutoza fedha yake.

Kiungo cha kwanza kimo mikononi mwa makampuni machache makubwa. Yanayoongoza kwa kubeba makontena ni MSC ya Uswisi, Maersk ya Denmark na CMA CGM ya Ufaransa. Nauli zao hupanda na kushuka kwa mambo yanayotokea mbali nasi. Kwa mfano, kuanzia Novemba 2023 meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu, na makampuni mengi yakaacha njia ya Suez na kuzunguka kusini mwa Afrika. Safari ikawa ndefu, na nauli ikapanda.

Kumbukeni pia jambo hili. Nauli za makontena zilipanda mno mwaka 1921? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa Korona. Kufikia mwanzo wa 2023 zilikuwa zimeshuka sana. Wafanyakazi walionyimwa nyongeza mwaka 2021 kwa sababu ya nauli, je, mwaka 2023 waliitwa kuambiwa kwamba nauli imeshuka?

3. NJIA YA ZIWA

Mwendo mfupi kutoka Wandegeya, upande wa Luzira, iko bandari yetu ya Port Bell. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilivushwa ziwani kwa meli. Reli yenyewe ilifika Kampala mwaka 1931. Katika miaka ya 1960 zililetwa meli za mabehewa, Umoja na Uhuru. Meli ya namna hii ina reli juu yake. Mabehewa karibu ishirini huingia ndani na mizigo yake, na hutoka ng'ambo ya pili bila mtu kupakua gunia.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mali ya shirika la reli ikagawanywa: Umoja ikabaki Tanzania, na Uhuru ikabaki Kenya. Uganda ikalazimika kutafuta meli zake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapata Kabalega, Pamba na Kaawa, zilizoundwa Ubelgiji. Tarehe 8 Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Baada ya hapo Pamba na Kaawa nazo zilisimamishwa kwa muda mrefu, na mizigo ikahamia barabarani.

Hasara yake ilionekana Januari 2008. Vurugu zilizofuata uchaggzi wa Kenya zilifunga barabara, na reli iking'olewa pale Kibera, petroli iliadimika Kampala na bei ikaruka. Nchi yenye njia moja tu haina pa kukimbilia. Njia ya Dar es Salaam na Mwanza ilifufuka mwaka 2018, Umoja iliporudi kuleta mabehewa Port Bell. Uhuru nayo ilirudi kazini mwishoni mwa 2019.

4. HAKI ZA WATU WA NJIA HII

Mabaharia wa baharini wanao Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, uliotungwa na Shirika la Kazi la Kimataifa na kuanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Unataja saa za kazi na za kupumzika, mshahara, chakula, matibabu na haki ya kurudishwa nyumbani. Lakini mkataba huo hauhusu meli zinazosafiri katika maji ya bara peke yake. Baharia wa ziwani hutegemea sheria za nchi na mapatano ya chama chake.

Sheria za Uganda zinazowafaa makuli, na wengi wenu viwandani na mashambani, ni hizi:

(a) Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo si kibarua tena. Anastahili mkataba wa maandishi.

(b) Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi yasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, waliomtegemea hulipwa fidia inayohesabiwa kwa mapato yake ya miezi 60.

Asiye na karatasi huona taabu kuthibitisha mapato yake. Kwa hiyo dai la kwanza ni mkataba wa maandishi.

5. WAJUMBE WAFANYE NINI?

Mwajiri akisema usafiri umepanda, msibishane naye kwa hasira, wala msinyamaze. Mwulizeni: Ni kiungo gani kilichopanda? Kilipanda lini, na kwa kiasi gani? Katika bei ya bidhaa, usafiri ni sehemu gani na mishahara ni sehemu gani? Ombeni hesabu hizo kwa maandishi, mziweke katika faili la tawi. Nauli itakaposhuka, mtakuwa na cha kumwonyesha. Tena ulizeni habari kwa wenzenu wa reli, malori na bandari. Wao huyajua mambo ya njia kabla yetu.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Taja vitu vitatu vya kiwanda au shamba lenu vinavyopita baharini.
2. Ni vibarua wangapi kwenu waliopita miezi minne bila mkataba?
3. Mara ya mwisho mliponyimwa nyongeza, mlipewa sababu gani, na mlionyeshwa hesabu gani?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuli wa Mombasa, baharia wa Port Bell, mchuma chai na mtu wa kiwandani, wote hula katika njia moja. Someni somo hili pamoja, kisha mlipeleke mezani siku ya mazungumzo.