KURA YA KATA: SOMO KUTOKA MKUNYA

Wasomaji wetu, twapenda leo kueleza habari za diwani na asili yake. Mkunya ni kata katika Wilaya ya Newala. Zamani Wamakonde hawakuwa na mfalme. Kila nchi ndogo ilikuwa na mkulungwa wake. Wadachi waliweka maakida na majumbe, na Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1926, walitawala kwa mikono ya wenyeji waliowakubali wao. Raia hakuulizwa.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mabaraza ya wilaya yalikuwa na madiwani wa kuchaguliwa. Lakini mwaka 1972 yalifutwa, na kazi zake zikapewa watumishi wa Serikali Kuu. Kwa miaka kumi watu walikosa mtu wao wa kumwuliza, hata Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ikayarudisha. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, na tangu mwaka 1995 vyashindania kiti cha kata kila miaka 5.

Yatupasa kujifunza nini? Diwani ndiye apitishaye makadirio ya fedha za halmashauri. Juu ya uwanda wetu maji ni adimu. Mama zetu walishuka mabondeni kuyateka. Basi mtu asemapo, "Kura moja haina kazi," na aulizwe: bomba likikauka, utamwendea nani? Anayeuza kura yake kwa kanga au chumvi, chumvi itakwisha, na miaka 5 ingalipo. Haba na haba hujaza kibaba.