LUGHA YA LEBO ZA MAZINGIRA KATIKA VIFAA VYA KIELEKTRONIKI: MFANO WA MITAA YA EASTLANDS, NAIROBI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lebo za mazingira zinazobandikwa kwenye vifaa vya kielektroniki, yakizichukulia kuwa matini fupi zenye mtunzi, ujumbe na msomaji. Hoja kuu ni kwamba nyingi kati ya lebo hizo zilibuniwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza wa kifaa kipya katika nchi za viwanda, ilhali katika mitaa ya Eastlands wasomaji wake ni pamoja na mnunuzi wa mtumba, fundi na mwokota taka. Makala yanaonyesha pengo linalozuka kutokana na hali hiyo na kupendekeza namna Kiswahili kinavyoweza kuliziba.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inamfaa mnunuzi wa embe au kanga, kwa kuwa jicho na mkono humtosha kutambua ubora. Haimfai mnunuzi wa runinga, simu au tarakilishi. Sumu iliyomo ndani ya kifaa cha kielektroniki haionekani, na kiasi cha umeme kitakachotumika hakijulikani hadi tokeni zikishaanza kuisha mapema. Kwa sababu hiyo, bidhaa za aina hii huhitaji mtu wa tatu wa kuzisemea. Lebo ya mazingira ndiyo sauti ya huyo mtu wa tatu.

Eastlands ni jina la jumla la mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia ile ya zamani kama Kaloleni, Makongeni na Jericho, hadi Buruburu, Umoja, Kariobangi, Dandora na Kayole. Katika mitaa hii kifaa cha kielektroniki huishi maisha marefu. Hununuliwa kipya au mtumba, hutengenezwa na fundi mara kadhaa, huuzwa tena, kisha hufunguliwa na kutolewa vipuri. Mabaki yake huishia kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu au jaani. Swali la msingi ni hili: katika safari yote hiyo, lebo humwambia nani nini?

2.0 Asili na aina za lebo

Lebo ya mazingira ya kitaifa iliyotangulia nyingine ni Blauer Engel ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1978. Nchi za Skandinavia zilifuata na lebo yenye picha ya batamaji mwaka 1989. Mwaka 1992 Umoja wa Ulaya ulianzisha lebo yake yenye ua, na mwaka huohuo Marekani ikaanzisha Energy Star, iliyoanzia kwenye tarakilishi na viwambo vyake. Katika kipindi hichohicho Wasweden walianzisha lebo ya TCO ya vifaa vya ofisini. EPEAT, inayohusu vifaa vya kielektroniki moja kwa moja, ilizinduliwa mwaka 2006.

Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) hugawa lebo hizi katika aina tatu. Aina ya kwanza hutolewa na chombo huru baada ya kupima bidhaa kwa vigezo vingi. Aina ya pili ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe. Aina ya tatu ni taarifa ya takwimu kuhusu athari za bidhaa tangu malighafi hadi taka, bila kutoa hukumu kwamba ni nzuri au mbaya. Kiisimu, tofauti hizi ni tofauti za msemaji. Katika aina ya kwanza anasema shahidi, na katika ya pili anasema mwenye mali, naye hakosi kuisifu mali yake.

Sheria nazo huzaa alama. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo mawili. La kwanza liliwekea mipaka sumu sita katika vifaa vya umeme, zikiwemo risasi, zebaki na kadmiamu, na likaanza kutekelezwa Julai 2006. La pili lilihusu ukusanyaji wa taka za kielektroniki, na ndilo lililoeneza alama ya pipa la taka lililokatwa kwa mistari miwili.

3.0 Lebo mbele ya msomaji wa Eastlands

3.1 Pipa lililokatwa

Alama ya pipa huonekana nyuma ya chaja, redio na simu nyingi zinazouzwa Nairobi. Maana yake ni kwamba kifaa kisitupwe pamoja na taka za kawaida, bali kirudishwe mahali maalumu. Kwa mtazamo wa semiotiki, picha ya pipa ni ikoni kwa kuwa inafanana na pipa, lakini mistari ile miwili ni kaida inayopaswa kufundishwa. Aidha, amri hiyo hutegemea kuwepo kwa mahali pa kurudishia. Kituo cha WEEE, kilichoanzishwa mwaka 2012, hushughulikia taka za kielektroniki upande huohuo wa mashariki mwa jiji. Hata hivyo, alama haitaji kituo chochote. Inakataza bila kuelekeza, na msomaji aliyekatazwa bila kuelekezwa hutenda alivyozoea.

3.2 Nyota za jokofu

Mfano wa pili una matumaini zaidi. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu matumizi ya kawi katika vifaa ziliiwezesha Kenya kuwa na lebo yake ya nyota, kuanzia moja hadi tano, kwa vifaa kama majokofu na viyoyozi. Nyota zikizidi, umeme unaotumika kwa kazi ileile hupungua. Lebo hii inafaulu kwa sababu inamhusu msomaji moja kwa moja: familia ya Umoja inayonunua tokeni huona faida mfukoni. Lakini lebo hiyo husema juu ya maisha ya jokofu tu. Haisemi lolote juu ya kifo chake.

3.3 Dandora: mwisho usio na lebo

Jaa la Dandora lilianza kutumika katika miaka ya 1970. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu jijini Nairobi, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapo. Watoto 328 walipimwa, na takriban nusu yao walikuwa na risasi katika damu iliyofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichokuwa mpaka wa kimataifa wakati huo. Leo Shirika la Afya Duniani hushikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi hiyo haiwezi kuhusishwa na vifaa vya kielektroniki pekee, kwani jaani huishia taka za kila namna. Hata hivyo, vioo vya runinga za zamani, lehemu na betri ni miongoni mwa vyanzo vyake, na waya unaochomwa ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu. Mtoto anayeokota taka hapo ndiye msomaji wa mwisho wa kifaa, na hakuna lebo iliyoandikwa kwa ajili yake.

4.0 Matatizo ya istilahi

Kutafsiri lebo si kubadilisha maneno tu. Mifano mitatu inatosha kuonyesha ugumu uliopo.

(a) Risasi. Neno hili hutaja madini na pia kitu kinachotoka kwenye bunduki. Kauli "kifaa hiki hakina risasi" inaweza kumchekesha msomaji badala ya kumwarifu. Ni bora kusema "madini ya risasi" na kuongeza athari yake.

(b) Endelevu. Kivumishi hiki kimeundwa kutokana na kitenzi endelea na kiambishi -vu, kama vile tulivu kutokana na tulia. Mtu wa kawaida akisikia "simu endelevu" atadhani ni simu isiyoharibika upesi. Hajakosea kabisa, kwa kuwa kudumu ni sehemu ya uendelevu, ila mshahara wa wafanyakazi, malighafi na taka zimeachwa nje.

(c) Rafiki wa mazingira. Maneno haya yamezagaa katika matangazo. Kiwango cha ISO 14021, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1999, hukataza kauli za jumla za aina hii kwa sababu haziwezi kuthibitishwa. Urafiki haupimwi kwa mizani.

Tofauti za kieneo nazo zisipuuzwe. Mkenya husema kawi pale ambapo Mtanzania husema nishati. Katika soko la pamoja la Afrika Mashariki, lebo moja itawahitaji wanaistilahi wa pande zote wakae pamoja.

5.0 Haki ya kuelewa

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi (Kifungu cha 7), inampa kila mtu haki ya mazingira safi (Kifungu cha 42), na inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo (Kifungu cha 46). Vifungu hivi vikisomwa pamoja, habari isiyoeleweka haiwezi kuhesabiwa kuwa habari iliyotolewa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliongeza wajibu wa mzalishaji kwa bidhaa yake hata baada ya kutupwa. Inafaa wajibu huo uhusishe pia lugha.

Lebo ya Kiswahili si lazima iwe ndefu. Inaweza kusema:

(i) Usichome waya wala betri. Moshi wake ni sumu.
(ii) Kifaa hiki kina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto.
(iii) Kikiharibika, mpelekee fundi. Kikishindikana, kirudishe mahali palipotajwa hapa.

Sentensi hizi ni za amri na taarifa, hazina sifa tupu, na kila moja ina mtendaji anayejulikana: anayechoma, anayelea, anayetupa.

6.0 Hitimisho

Imebainika kwamba lebo za mazingira hulenga zaidi mwanzo na katikati ya maisha ya kifaa, ilhali athari kubwa kwa mitaa ya Eastlands hutokea mwishoni. Imebainika pia kwamba istilahi zilizopo huficha maana badala ya kuifichua. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi hapa. Wanaweza kukusanya lebo kutoka madukani, kuzijaribu kwa wasomaji halisi wa Kariobangi na Kayole, na kupendekeza maneno yanayoeleweka. Istilahi iliyosanifiwa vyema lakini isiyomfikia mwokota taka wa Dandora haijakamilika.