Nywele Zinazoelea: Somo la Kufunga Chambo

Sisi wa Korogwe tumezoea katani: ukiisokota, inatii. Nywele za kulungu wa Marekani, zinazofungwa kwenye ndoana kuwa chambo bandia, ni habari nyingine. Ndani zina hewa, ndiyo maana zinaelea.

Nilivyojifunza ni hivi. Shika kishungi chenye unene wa njiti ya kiberiti, kichane uondoe malaika laini. Kiweke kwenye ndoana tupu, zungusha uzi mara mbili bila kukaza, kisha vuta taratibu. Nywele zinabanwa, zinachanua zenyewe pande zote. Zisukume nyuma, ongeza kishungi kingine, halafu chonga umbo kwa wembe.

Kenya, vijana wanafunga vyambo kwa mkono na vinauzwa Ulaya na Marekani. Wasomi wenzangu, mikono iliyozoea kamba inangoja nini?