Stendi ya Simu ya Kujitengenezea: Picha Safi ya Kiwavi Yaweza Kuokoa Mahindi

Mkulima wa Uriri au Ndhiwa anapokuta majani ya mahindi yametobolewa, mara nyingi humpiga mdudu picha kwa simu na kumtumia afisa wa kilimo wa wadi. Lakini mdudu ni mdogo, mkono unatikisika, na picha inafika ikiwa na ukungu. Afisa anashindwa kumtambua, na siku zinapita kiwavi akiendelea kula.

Siku hizo zina thamani. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa nchini Kenya mwaka wa 2017, hudhibitiwa kwa urahisi akiwa bado mchanga. Akikua, hujificha ndani ya moyo wa mhindi, ambako dawa haimfikii vizuri.

Stendi ya mbao hutatua tatizo la picha. Inaweza kutengenezwa kwa mabaki ya fundi seremala.

Vifaa: ubao wa kitako wa sentimita 30 kwa 20, vipande viwili vya mbao vya sentimita 15, ubao mwembamba wa juu, misumari, karatasi nyeupe na rula.

1. Vipande viwili vipigiliwe wima kwenye ncha mbili za kitako. Mbele na nyuma paachwe wazi ili mwanga uingie.

2. Ubao wa juu utobolewe tundu la sentimita 3, kisha upigiliwe juu ya vipande hivyo.

3. Karatasi itandikwe chini, mdudu awekwe juu yake, na rula kando yake ili ukubwa wake uonekane.

4. Simu ilazwe juu, kamera ikitazama tunduni. Kimo cha sentimita 15 kina sababu: kamera nyingi za simu hazioni vizuri kitu kikiwa karibu mno.

5. Stendi iwekwe kivulini penye mwanga. Simu itegwe ijipige yenyewe baada ya sekunde 3, mkono usiiguse.

Picha tatu zinatosha: mwili mzima, kichwa na mkia. Kiwavijeshi vamizi aliyekomaa ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Mkulima aongeze picha ya mmea, jina la kijiji na tarehe ya kupanda. Asinunue dawa kabla ya kupata jibu. Akiwa anasubiri, apite shambani aponde mayai na viwavi kwa mkono.

Kwa kinga ya muda mrefu, kituo cha icipe kilichoko Mbita, Homa Bay, kimefundisha wakulima mbinu ya sukuma-vuta: desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi za brakiaria kuzunguka shamba. Mbinu hiyo hupunguza pia kayongo.

Msimu ukiisha, stendi isitupwe. Itamfaa kijana anayekarabati saa, simu au droni ndogo, apige picha ya kila waya kabla hajaufungua.