Jicho Lililokaa Upande

Umechonga mdoli, umempaka rangi ya ngozi, umemtia nyusi, midomo na jicho la kulia. La kushoto likatoka limepanda juu kidogo, na sasa mtoto anaonekana kama kashtuliwa usingizini. Wengi hapo hukimbilia kitambaa na thina, na jicho linaondoka pamoja na shavu. Kabla ya kufuta, jiulize rangi hiyo inakaukaje.

Tuanze na mafuta, maana Chalinze, mkoani Pwani, ina mdoli mkongwe kuliko makopo yote ya dukani. Wakwere wa huko, kama jirani zao Wazaramo, wana mwana hiti: kiwiliwili cha mti kisicho na mikono wala miguu, kichwani vishungi viwili, ambacho mwali aliye ndani hupewa akitunze kama mwanawe, akioshe na kukipaka mafuta. Uso wake huachwa karibu mtupu, kwa hiyo jicho haliwezi kukosewa. Lakini yale mafuta yana somo. Ya nazi au ya nyonyo, hata uyaanike kwa miezi, hayageuki utando mgumu. Mafuta ya kitani, yanayotumiwa na wachoraji, hugeuka.

Tofauti iko kwenye molekuli. Mafuta yote ni minyororo mirefu ya kaboni, na baadhi ya minyororo ina vifungo maradufu. Ya nazi karibu haina. Ya nyonyo kwa kawaida ina kimoja. Ya kitani mara nyingi ina vitatu. Oksijeni ya hewani hushambulia karibu na vifungo hivyo na kuifunga minyororo hiyo mmoja kwa mwingine, mpaka unapatikana wavu mmoja usioyeyuka. Ndiyo kusema mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji, kama nguo kambani. Yanakauka kwa kula hewa, na ukiyapima kwenye mizani nyeti utakuta uzito umeongezeka.

Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya milango na madirisha, ina tabia hiyohiyo. Ni ya jamii ile aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki 1972, kwenye vipande vyake vya ubao. Kwanza thina inaruka hewani, kisha oksijeni inafanya kazi yake taratibu. Kwa hiyo kosa lina nyakati tatu. Dakika za mwanzo rangi bado ni majimaji: pamba iliyoviringwa kwenye kijiti, tone la tapentaini, jicho linafutika. Baada ya saa kadhaa juu pameshika lakini chini pangali pabichi, kwa sababu hewa inaingilia juu. Huo ndio wakati mbaya. Ukisugua unachana utando. Ukipaka koti jipya, thina yake inapenya, utando unavimba na kujikunja. Acha kabisa. Siku kadhaa baadaye, wavu ukishakaza, piga msasa laini na upake upya.

Rangi ya maji ni habari nyingine. Ndani yake mna chembe ndogo za plastiki zinazoelea. Maji yakitoka, chembe zinabanana, zinaungana, na hazirudi tena kuelea hata ukimwaga ndoo. Dirisha la kusahihisha ni dakika chache, ingawa wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, linarefuka kidogo. Likishafungwa, maji hayasaidii. Asetoni, au thina kali yenye harufu ya kuumiza kichwa, ndiyo inayoweza kuilainisha.

Sasa unganisha hizo mbili. Tapentaini inalegeza mafuta mabichi lakini haina nguvu kubwa juu ya plastiki iliyokwisha kuungana. Basi ngozi ya uso ipakwe rangi ya maji, iachwe ikauke vizuri, kisha macho na midomo yachorwe kwa rangi ya mafuta. Jicho likikosewa, unalifuta na shavu linabaki. Kwangu mimi mpangilio huu una thamani zaidi kuliko mkono mwepesi. Usigeuze mpangilio: rangi ya maji juu ya mafuta hushika vibaya na baadaye hubanduka.

Mafuta ya taa nayo hufuta, na ni rahisi kupata, ila molekuli zake ni nzito na huchelewa kuruka. Yanaacha utelezi, na koti linalofuata linakataa kushika. Ukiyatumia, pitisha kitambaa chenye maji na sabuni, kausha, ndipo uendelee.

Kuna kosa jingine lisilohitaji kufutwa. Ngozi nyeusi ikitoka na weupe kama wa majivu, sababu ni rangi nyeupe iliyochanganywa ili kupata kahawia nyepesi. Unga wake, titani dioksidi, hutawanya mwanga kwa nguvu kuliko karibu unga mwingine wowote, kwa hiyo mwanga unarudi kutoka juu juu bila kuzama. Ongeza kahawia nyekundu iliyozimuliwa mpaka ipitishe mwanga, koti jembamba juu ya koti jembamba, kila moja likikauka kwanza. Mashavuni zidisha wekundu kidogo.

Na kama mdoli ni wa plastiki laini wa dukani, asetoni isimguse: haitachagua kati ya rangi na uso. Dawa yoyote ijaribu kwanza chini ya unyayo, ungoje, uguse kwa kidole. Pakinata, tafuta nyingine.